Wasia wa wazazi: Methali na mafunzo ya wakongwe wa Nyanza Kusini

SOKO la Rodi Kopany katika Kaunti ya Homa Bay limo penye njia panda. Barabara moja hutoka mjini Homa Bay ikielekea Rongo, na nyingine huchepuka hapo kwenda Ndhiwa hadi Sori, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori. Kwa familia nyingi za eneo hilo, hapo ndipo kijana anapopandia gari la kwenda shule ya bweni, kazini au jijini Nairobi. Hapo pia ndipo mzazi aliyemsindikiza humwachia maneno ya mwisho kabla ya mlango wa matatu kufungwa.

Maneno hayo aghalabu huwa machache, na ni nadra kuwa mapya. Mzazi huyatamka kama alivyoyapokea kwa mzazi wake, naye mzaziwe aliyapokea kwa waliomtangulia. Baba hawezi kuandamana na mwanawe hadi Nairobi, lakini sentensi ya maneno matatu au manne huweza kusafiri naye na kudumu naye hata baba mwenyewe anapokuwa hayupo tena duniani.

Neno wasia, ambalo wengine huliita wosia, lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza ni mawaidha ambayo mkubwa humpa mdogo ili yamwongoze maishani. Pili ni maagizo ya mtu anayekaribia kufa kuhusu mambo anayotaka yatekelezwe baada yake.

Kwa wakazi wa iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, maana hizo mbili zilikaribiana mno katika miaka ya 1990 na 2000. Ugonjwa wa Ukimwi uliwaondoa wazazi wengi kabla ya watoto wao kufikia umri wa kuuelewa wasia wowote. Historia ya mafunzo ya wazazi katika eneo hilo, kwa hivyo, ni historia ya methali na hadithi, na pia ni historia ya jinsi maneno yalivyotafuta njia nyingine ya kumfikia mtoto pale msemaji wake alipokosekana.

Methali tano na maana zake

Katika Dholuo, lugha ya Waluo, methali huitwa ngero, na zikiwa nyingi huitwa ngeche. Jina hilohilo ndilo linalotumika kwa kitabu cha Mithali katika Biblia ya Dholuo. Miongoni mwa ngeche ambazo wazazi huzirudia zaidi ni hizi tano.

Ya kwanza ni "Jarikni jamuod nyoyo gi kuoyo", yaani mwenye haraka hutafuna nyoyo pamoja na mchanga. Nyoyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nafaka iliyoanikwa chini huokota chembechembe za mchanga, na apikaye hana budi kuichambua na kuiosha kwanza. Asiye na subira hula vivyo hivyo na mchanga ukamsagika menoni. Maana yake haiko mbali na ile ya haraka haraka haina baraka, lakini mtoto wa Kiluo hahitaji kufafanuliwa baraka ni nini. Mchanga anaujua, na mlo wenyewe anaula karibu kila wiki.

Ya pili ni "Chako chon loyo dhi ajuoga", kwa maana kwamba kuanza mapema ni bora kuliko kwenda kwa mganga. Hutumika kumhimiza anayechelewa kulima kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, mwanafunzi anayengoja wiki ya mtihani ndipo afungue daftari, na mgonjwa anayeahirisha matibabu. Methali hiyo haiwakani waganga. Inasema tu kwamba aliyejiandaa mapema hatakuwa na haja nao.

Ya tatu ni "Koko ogwal ok mon dhiang' modho pi". Maana yake ni kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii imevuka mipaka ya Nyanza, na tafsiri yake ya Kiswahili husikika katika mikutano ya kisiasa kote nchini Kenya. Nyumbani, hata hivyo, mzazi huielekeza kwa mtoto anayechekwa na wenzake kwa sababu ya umaskini, ili aendelee na shughuli yake bila kuwajali wanaomkebehi.

Ya nne ni "Kudho chwoyo ng'ama onyone", yaani mwiba humchoma aliyeukanyaga. Ina ncha mbili kama mwiba wenyewe. Kwa mtoto mkaidi ni onyo kwamba matokeo ya vitendo vyake yatamfika yeye. Kwa anayedharau taabu ya mwenzake ni ukumbusho kwamba uchungu huujua aupataye.

Ya tano ni fupi kuliko zote: "Kinda e teko". Ustahimilivu ndio nguvu. Huambiwa yatima, mjane, mwanafunzi aliyeanguka mtihani na mvuvi aliyerudi na wavu mtupu.

Ukizitazama pamoja, ngeche hizi zina sifa tatu. Zimetungwa kwa vitu ambavyo mtoto wa kijijini huviona kila siku: chakula, shamba, ng'ombe, chura na mwiba. Ni fupi kiasi kwamba zinakaririka baada ya kusikika mara moja au mbili. Tena husema kwa kuzunguka, kwa hivyo mkubwa huweza kumkanya kijana mbele ya wageni bila ya kumwaibisha. Mwenye kujua kwamba ameambiwa yeye huinamisha kichwa, na mazungumzo yakaendelea.

Duol na siwindhe

Katika boma la zamani la Waluo, mafunzo hayakuachwa yatolewe ovyo. Yalikuwa na mahali pake, wakati wake na walimu wake.

Duol kilikuwa kibanda cha mwenye boma, karibu na zizi la ng'ombe. Hapo wanaume wa ukoo waliota moto jioni na kula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake. Wavulana walikaa humo wakiwahudumia wazee, na kwa kuhudumu wakasikia. Walijifunza majina ya mababu, mipaka ya ardhi, sababu za ugomvi wa kale na jinsi kesi zinavyoamuliwa. Hakuna aliyewaambia kwamba wako darasani.

Siwindhe ilikuwa nyumba ya mwanamke mkongwe. Wasichana, pamoja na wavulana wadogo, walilala humo usiku, na mwenye nyumba akawasimulia hadithi, akawatega vitendawili na kuwafunza adabu za mwili, ndoa na ujirani. Mwanahistoria wa Marekani David William Cohen aliandika mwaka 1985 kuhusu mlezi huyo, ambaye katika eneo la Siaya aliitwa pim. Mara nyingi pim alikuwa mwanamke aliyetoka mbali na ukoo wa watoto aliowalea, na kupitia kwake watoto walipata maarifa ya koo na nchi ambazo baba zao hawakuzijua. Cohen na mwanahistoria Mkenya E.S. Atieno Odhiambo waliurejelea mjadala huo katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989.

Mpangilio huo una jambo la kuzingatiwa. Kinachoitwa leo "wasia wa wazazi" hakikuwa kazi ya baba na mama peke yao. Baba mdogo, shangazi, nyanya na mkongwe asiye wa ukoo walishirikiana. Mambo ambayo mama angeona haya kumweleza bintiye, hasa ya unyumba, yalielezwa na nyanya, kwa kuwa baina ya nyanya na mjukuu utani uliruhusiwa.

Wasia rasmi wa baba kwa mwana wa kiume ulitolewa siku ya golo dala, yaani kutoka na kuanzisha boma jipya. Baba humwongoza mwanawe hadi kwenye ardhi ya boma hilo, jogoo na shoka vikichukuliwa, na kumwonyesha mahali pa kujenga. Baba akiwa amefariki, ndugu wa baba hushika nafasi yake. Kwa njia hiyo desturi ilikuwa tayari imekubali kwamba mzazi anaweza kufa na wasia usife naye, mradi yuko mtu aliyeidhinishwa kuusema.

Hadithi zilizofungwa na ardhi

Baadhi ya mafunzo hayakuachiwa kumbukumbu ya mtu tu. Yalifungamanishwa na mahali, ili kila apitaye aulize na ajibiwe. Kaunti ya Homa Bay ina mifano miwili mashuhuri.

Karibu na Kendu Bay, katika eneo la Karachuonyo, kuna ziwa dogo la maji ya chumvi liitwalo Simbi Nyaima, maana yake Simbi iliyozama. Wanajiolojia hulieleza kuwa ziwa la kreta, lililotokana na nguvu za volkano. Wazee hulieleza kwa njia nyingine. Husimulia kwamba kikongwe mmoja alifika usiku katika kijiji kilichokuwa kwenye sherehe ya pombe na ngoma, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Kikongwe alimwonya aondoke na jamaa zake, kisha mvua kubwa ikanyesha na kijiji kizima kikazama. Mtoto anayeuliza kwa nini maji ya ziwa hilo hayanyweki hupewa jibu pamoja na onyo: usimfukuze mgeni, hasa mzee, hasa usiku.

Mfano wa pili uko Nyandiwa, Gwassi, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Hapo husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara ambaye siku moja alivua mwanamke badala ya samaki. Alimchukua nyumbani, na kutoka siku hiyo mifugo yake ikaongezeka hadi akawa tajiri. Utajiri ulimlevya. Usiku mmoja alirudi kutoka ulevini, akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikotolewa. Mwanamke aliondoka kimya akielekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho alisimama ufuoni akiwa ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Hadithi hizo mbili zinafunza jambo moja kwa pande mbili. Ya Simbi ni ya jamii iliyomdharau mnyonge, na ya Nyamgondho ni ya mtu mmoja aliyemsahau aliyemtoa katika unyonge. Katika zote mbili, anayedharauliwa ni mwanamke na anayeadhibu ni maji. Kwa watu wanaoishi kandokando ya ziwa, ambako maji hulisha na kuua, onyo hilo halihitaji kusisitizwa.

Kutoka kinywani hadi kitabuni

Mfumo wa duol na siwindhe ulianza kudhoofika katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Wamisionari wa Kiadventista walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na shule zikafuata. Mtoto aliyelala katika bweni la misheni hakulala katika siwindhe. Wanaume nao walienda kufanya kazi katika mashamba ya majani chai Kericho, mashamba ya miwa, mijini Nairobi na Mombasa, na katika machimbo ya Macalder, Migori. Jioni moto wa duol uliwashwa na wazee wachache, na wavulana wa kuwasikiliza walikuwa shuleni.

Hata hivyo, shule zilezile ziliwapa Waluo nyenzo ya kuhifadhi kilichokuwa kikipotea. Mwaka 1938 Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha kitabu cha Dholuo kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi, yaani Waluo, mila zao na matendo yao. Humo alieleza taratibu za boma, ndoa, mazishi na malezi. Kitabu hicho kiliandikwa na mwenyeji, kwa lugha ya wenyeji, kwa ajili ya wenyeji, na hadi leo huletwa mezani pale familia zinapobishana kuhusu jinsi baba zao walivyofanya jambo fulani. Mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na zao la elimu ya misheni, taasisi mbili zilizochangia kuvunja mfumo alioueleza.

Baada ya uhuru, wataalamu wengine waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1974 B. Onyango-Ogutu na A.A. Roscoe walitoa mkusanyo wa fasihi simulizi ya Waluo kwa Kiingereza, Keep My Words, jina ambalo lenyewe ni wasia: yatunzeni maneno yangu. Asenath Bole Odaga, mwandishi na mchapishaji wa Kisumu aliyefariki mwaka 2014, alikusanya hadithi na misemo ya Kiluo kwa miongo kadhaa, na mwaka 1984 alichapisha kitabu cha kufundishia fasihi simulizi shuleni.

Muziki pia ulibeba sehemu ya mzigo. Daniel Owino Misiani, mwanamuziki wa benga aliyezaliwa upande wa Shirati nchini Tanzania na kufariki mwaka 2006, alijulikana kwa kutunga nyimbo zilizosema kwa mafumbo na visa vya wanyama kama wazee wa duol walivyofanya. Wasikilizaji wake walikuwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, kwa kuwa ngeche hazijui mpaka uliochorwa na wakoloni.

Mnyororo ulipokatika

Pigo kubwa zaidi halikutoka shuleni wala mjini. Ukimwi ulilishambulia eneo la Nyanza kuliko sehemu nyingine zote za Kenya. Hata baada ya miaka mingi ya matibabu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya HIV, na asilimia 13 katika Kaunti ya Migori. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9.

Kabla ya dawa kupatikana, maambukizi hayo yalimaanisha vifo. Shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001. Waliofariki katika miaka iliyotangulia walikuwa hasa watu wa umri wa kuzaa na kulea. Ugonjwa huo haukuanza na wazee, ambao kifo chao kingetarajiwa. Ulianza na kizazi cha katikati, yaani kiungo kilichowaunganisha wazee na watoto.

Watoto waliobaki walichukuliwa, mara nyingi, na nyanya zao. Wanawake wenye umri wa miaka 60 na 70, waliotazamia kulishwa na watoto wao, walirudi kulea, kulima na kulipa karo. Mzigo huo ulikuwa mzito na haufai kupambwa. Nyanya mmoja aliweza kuwa na wajukuu kutoka kwa watoto wake watatu au wanne waliofariki, wote chini ya paa moja.

Lakini katika nyumba hizo kitu kilichoanza kusahaulika kilijitokeza tena. Watoto wengi walilala chini ya paa la mwanamke mkongwe, wakala chakula chake na kusikia maneno yake. Siwindhe ilikuwa imerudi kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 1990 na kulelewa hivyo huweza kujua ngeche nyingi kuliko mwenzake aliyelelewa mjini na wazazi wote wawili, kwa sababu mwalimu wake alikuwa wa kizazi kilicholala katika siwindhe yenyewe.

Pengo lilibaki katika jambo moja. Nyanya aliweza kumfunza mjukuu yale ambayo ukoo wote huyajua, lakini si yale ambayo mamaye pekee angemwambia: alivyokuwa siku aliyozaliwa, kwa nini alipewa jina lake, mama alikuwa mtu wa namna gani, na alimtakia nini.

Wasia ulioandikwa

Nchini Uganda, jibu la pengo hilo lilipatikana kwa kalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chama cha NACWOLA cha wanawake wanaoishi na virusi vya HIV kilianza kuwafundisha wazazi kuandika vitabu vya kumbukumbu. Mzazi aliyejua kwamba huenda hataishi hadi mtoto wake akue aliandika katika kitabu kimoja historia ya familia, majina ya jamaa, utoto wake mwenyewe, siku za mwanzo za mtoto, na ushauri kwa miaka ijayo. Wengine walibandika picha. Wazo hilo lilitokana na kazi iliyofanywa awali nchini Uingereza, na kutoka Uganda likaenea katika nchi nyingine za Afrika. Mwandishi wa Uswidi Henning Mankell aliwatembelea wazazi hao na mwaka 2003 akachapisha kitabu kuwahusu.

Uandishi wa vitabu hivyo ulikuwa na faida nyingine isiyotarajiwa. Ili mzazi aandike, ilimbidi kwanza amwambie mtoto ukweli kuhusu ugonjwa wake. Kimya kilichokuwa kimetanda nyumbani kikavunjika, na mara nyingi mzazi na mtoto wakakiandika kitabu pamoja.

Kwa Waswahili wa pwani, jambo hilo si geni kabisa. Mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Inakadiriwa kwamba alifariki mwaka 1860. Utenzi huo unahusu dini, adabu, matunzo ya nyumba na wajibu wa mke kwa mumewe. Wanawake wa pwani waliunakili na kuukariri kwa vizazi, na hadi leo husomwa shuleni na vyuoni.

Kati ya mama wa Pate na mama wa Uganda kuna takriban miaka 140, dini tofauti na lugha tofauti. Wote wawili walikabiliwa na hesabu ileile: mwili unaishiwa muda, mtoto bado mchanga, na sauti haiwezi kungoja. Wote wawili walichagua karatasi.

Wasia wa kupimwa

Ingekuwa makosa kuchukulia kwamba kila lililoachwa na wazazi ni la kufuatwa bila kuulizwa. Utenzi wa Mwana Kupona wenyewe umejadiliwa sana na wahakiki, baadhi yao wakiona kwamba unamtaka mke awe mtiifu kupita kiasi, na wengine wakisema kwamba mama huyo alikuwa akimfunza binti yake jinsi ya kujilinda katika jamii aliyoijua.

Nyanza nako, sehemu ya mafunzo ya zamani ilileta madhara katika mazingira mapya. Waluo waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba anayevunja mwiko hupatwa na chira, hali inayomfanya akonde na kudhoofika hadi kufa. Kwa karne nyingi imani hiyo ilikuwa nguzo ya adabu, kwani iliwafanya watu waheshimu taratibu za ndoa, kilimo na mazishi. Ukimwi ulipoingia, dalili zake zilifanana mno na zile za chira. Wagonjwa wengi walitafutiwa tambiko badala ya hospitali, na muda ukapotea.

Desturi ya tero, ya mjane kurithiwa na jamaa wa mumewe, ilikuwa na lengo la kumtunza mjane na watoto ndani ya ukoo. Pale mume alipokuwa amekufa kwa Ukimwi, desturi hiyo iligeuka njia ya kueneza virusi. Makanisa, wahudumu wa afya na wajane wenyewe waliipinga, na baadhi ya wazee walikubali kwamba jukumu la kumtunza mjane linaweza kutimizwa bila ya tendo la ndoa.

Mabadiliko hayo yanaonyesha kwamba wasia hauharibiki kwa kupimwa. Aliyesema kwamba kuanza mapema ni bora kuliko kwenda kwa mganga tayari alikuwa amewapa watoto wake sababu ya kwenda kupimwa damu mapema. Wahamasishaji wa afya walioijua lugha ya wenyeji hawakulazimika kuleta hekima mpya kutoka nje. Ilikuwamo katika ngeche.

Lugha inapobadilika

Tishio la sasa ni la polepole zaidi. Ngero haielei hewani, huishi ndani ya lugha. Lugha ikififia, methali hubaki tafsiri, na tafsiri mara nyingi hupoteza mdundo unaoifanya ikaririke.

Kaunti ya Homa Bay ina ushahidi wake katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na eneo la Gwassi. Huko waliishi Abasuba, watu wa lugha ya Kibantu ambao kwa vizazi kadhaa waliichukua Dholuo. Shule na kanisa vilitumia Dholuo, na wanaume wengi walioa wanawake wa Kiluo. Watoto waliyapokea mawaidha kwa lugha ya mama zao, na Kisuba kikabaki kwa wazee. Shirika la Unesco limekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Katika kisiwa cha Mfangano, kituo cha vijana cha Ekialo Kiona kilianzisha redio inayotangaza kwa Kisuba ili watoto waisikie tena.

Dholuo haiko katika hatari ya namna hiyo, kwani wasemaji wake ni mamilioni na ina vituo vya redio kadhaa, kikiwemo Ramogi FM. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mijini mzazi huzungumza na mtoto kwa Kiswahili au Kiingereza, na ngeche humfikia mtoto siku za mazishi tu, anapopelekwa mashambani na kusikia hotuba asizozielewa.

Sheria imejaribu kusaidia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za kiasili. Kenya pia iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Unesco wa mwaka 2003 wa kuhifadhi turathi zisizoshikika, ambao unataja mapokeo simulizi. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetenga nafasi ya lugha za kiasili kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tatu.

Sheria na mtaala vinaweza kumpa mtoto orodha ya methali. Kazi iliyobaki ni ya mtu anayemjua mtoto huyo na anayejua ni methali ipi imfaayo siku ile. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wakazi wa Homa Bay na Migori walishuhudia watoto wengi walioachiwa ulimwengu mapema mno, na katika nyumba zao wakaona kwamba nyanya, shangazi na ndugu wa baba wanaweza kusimama katikati.

Mzazi anayesimama kando ya barabara ya Rodi Kopany asubuhi ya kufunguliwa kwa shule hana muda wa hotuba. Utingo anaita abiria na sanduku limekwisha pakiwa. Anachoweza kusema ni "Kinda e teko", na mtoto akaitikia kwa kichwa. Huenda maana yake isimfikie hadi miaka mingi baadaye, siku atakayomsindikiza wa kwake.